Usitazame Vidole

Karatasi ya kaki ilibandikwa kwenye televisheni siku ya Jumapili baada ya chakula cha mchana, na tangu saa hiyo nyumba ile haikumwona tena mtu yeyote kuanzia kifuani kwenda chini. Wasoma habari wakabaki vichwa. Mpira wa miguu ukawa mchezo wa wanaume wanaokimbia huku na huko kwa hasira bila sababu inayojulikana. Bibi, aliyekuwa na tamthilia yake ya kila jioni, alilalamika kwamba yule dada anayempenda alikuwa mjamzito, na sasa hatajua mimba imefikia wapi.

"Vumilia, mama," mwanawe akamwambia. "Hii ni elimu."

"Elimu ya kukata watu viuno?"

Mwanawe akaitazama saa yake. Alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha maji ya chupa, na wasimamizi wa zamu hawajibu maswali, wanatazama saa. Yake ilikuwa ile ya kupimia mbio, nyeusi, inayoning'inia shingoni kwa kamba. Aliivaa kazini, aliivaa nyumbani, na aliwahi kuivaa msibani, ambako sala ilimkera kwa urefu wake. Wafanyakazi wake walimwita Chapchap. Kwa kuwa hakuwa na kipaji cha kutambua dhihaka, alidhani wanamsifu.

Sababu ya karatasi ilikuwa mchezo mmoja wa mtandaoni ulioitwa Fyatua. Hesabu inatokea juu ya kioo, tuseme saba mara nane, halafu inaanza kuanguka kama jiwe. Mchezaji aandike jibu kabla jiwe halijafika chini. Akipata, linapasuka kwa mlio mtamu, na juu yanatokea mengine mawili yenye kasi zaidi. Akikosa, linadondoka kwa kishindo na kumpunguzia alama. Kila mchezaji ana jina la bandia, na majina yote yamepangwa kwenye ubao wa mtandao, kuanzia bingwa hadi mkia. Binti wa Chapchap, aliyeitwa Kadogo na watu wote ingawa alikuwa darasa la sita na mrefu kuliko mama yake, alichaguliwa jina na baba yake bila kuulizwa. Kwenye ubao aliitwa Radi ya Mchana.

Radi hii ilikuwa na mahali pa kupiga. Shule ya Vipaji, shule ya bweni yenye majani yaliyonyolewa na geti linalojifungua lenyewe, ilikuwa imetangaza mashindano ya Fyatua, ana kwa ana, katika ukumbi wake. Watoto watatu wa kwanza wangesoma pale bure mpaka wamalize. Chapchap alilisoma tangazo mara moja tu, maana kusoma mara mbili ni kupoteza muda, akaona kwamba limeandikwa kwa ajili yake.

Kadogo alijua hesabu, na hilo hakuna aliyelibisha. Kasoro yake, kwa maelezo ya baba yake, ni kwamba alikuwa anatazama. Aliitazama hesabu, akatazama vitufe, akaitazama tena hesabu kama mtu anayehakikisha kwamba amefunga mlango. Kule kiwandani kosa hilo lilikuwa na dawa, na dawa iliandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: MACHO KWENYE MKANDA, SI KWENYE VIDOLE. Chupa hupita kwenye mkanda, watu hufunga vifuniko, na atakayeinamisha macho kuangalia mikono yake amekwishaikosa chupa inayofuata. Sheria hii aliitunga Chapchap mwenyewe. Yeye hakuwahi kufunga kifuniko hata kimoja.

Basi akaleta nyumbani katoni tupu ya maji. Akaikata tundu la kupitisha mkono, akaiweka simu ndani, akaiunganisha na televisheni kwa waya, ili mawe yaanguke kwenye kioo kikubwa na vidole vifanye kazi gizani. Juu ya kitufe cha tano, katikati, akabandika kipande cha plasta ili kidole kijue kwao ni wapi. Lakini televisheni, kwa ujinga wake, ilionyesha na vitufe vya simu upande wa chini, na Kadogo akavitazama huko. Ndipo ilipokuja karatasi.

"Baba," Kadogo aliuliza, mkono ukiwa umezama ndani ya katoni hadi kwenye kiwiko, "na nikikosea kitufe?"

"Utakoseaje na wewe hutazami?"

Hekima ya namna hii haiji mara mbili katika ukoo mmoja.

"Kanuni ya kwanza?" akauliza baba, kidole gumba juu ya saa.

"Nisitazame vidole."

"Hata nini kitokee?"

"Hata nini kitokee."

"Kanuni ya pili?"

"Nisisikilize mtu. Sauti yoyote ya watu ni kelele."

"Hata nani aseme?"

"Hata nani aseme."

"Mtoto mtiifu," akasema Chapchap, akabonyeza saa.

Bibi aliyekuwa amejiegemeza kochini alicheka kwa pua. "Mtoto wa watu. Wewe mwenyewe kamba za viatu ulianza kufunga darasa la nne, nami nilikungoja mlangoni kila asubuhi."

"Mama, saa inatembea."

"Hata siku zile ilikuwa inatembea."


Mama yake Kadogo alikuwa msusi. Alisukia barazani, kwenye kiti kimoja cha plastiki kwa mteja na ndoo iliyogeuzwa kwa ajili yake mwenyewe. Kwa miezi mingi alikuwa akiweka akiba ya kununua drya ya kukaushia nywele, ile ya kofia, ambayo mteja anakaa chini yake kama malkia. Akiba ile ilikuwa imeondoka karibu yote. Sehemu ilikuwa waya wa televisheni. Sehemu nyingine ilikuwa fulana tatu za manjano, zilizochapwa kifuani BABA WA RADI, MAMA WA RADI na BIBI WA RADI.

Mteja wa siku ile alikuwa dada mmoja anayefunga vifuniko kiwandani kwa Chapchap. Alikaa kiti cha plastiki, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama, na mkono wa kulia aliulaza pajani, kidole cha shahada kikiwa kimefungwa bandeji.

"Bado kinauma?" msusi akauliza.

"Usiku tu. Mashine ilikibana nikiwa natazama mkanda, kama ukuta ulivyoniagiza. Mumeo akaandika uzembe, na siku ile hawakunilipa."

Msusi akasuka mistari mitatu. Halafu akasema, "Leo usinilipe."

"Aa, dada, mimi sikuja kuomba."

"Najua hukuja kuomba. Inamisha kichwa."

Ndani ya nyumba mawe yalikuwa yakipasuka, moja baada ya jingine, kama mtu anayevunja njugu. Chapchap akaingia uani na baiskeli yake. Hakuishusha hata stendi, aliiegemeza ukutani ikaanguka.

"Namba moja!" alisema. "Radi ya Mchana ni namba moja kwenye ubao! Nimeona mwenyewe kazini. Nimesimamisha mkanda dakika nzima nikawaonyesha watu."

"Tuliona, bosi," akasema dada wa vifuniko. "Tulifurahi sana kupumzika."

"Umeona? Na nimetoka shuleni kwake sasa hivi. Nimemwambia yule Mwalimu Mkuu wazi, bila kificho: shule yenu inafundisha kwa mwendo wa kobe, tena kobe mwenye mafua. Nikamwambia amtoe mwanangu, leo hii hii. Amemtoa."

Vidole vya msusi vikasimama kichwani kwa mteja. "Amemtoa wapi?"

"Shule."

"Na mashindano ni lini?"

"Jumamosi."

"Kwa hiyo leo mtoto hana shule."

"Mama Kadogo, acha uzito. Ubao unasema namba moja. Wanachukua watatu. Wewe toa moja kwenye tatu uone nafasi iliyobaki."

"Mimi natoa shule kwenye shule," akasema mkewe. "Naona sifuri."

Mawe yalikuwa yamenyamaza. Kadogo alisimama mlangoni, mkono wa kulia mweupe kwa vumbi la katoni. Tangu darasa la kwanza alikuwa amekaa dawati moja na shoga yake, msichana mfupi mwenye kicheko cha bata, na baina yao walikuwa na bikari moja, kifutio kimoja, na siri nyingi. Kesho yake ilikuwa zamu yao ya kupiga kengele.

"Baba, mimi sitaki bweni," alisema. "Nataka shule yangu."

"Kwani nani amekuuliza?"

Na ni kweli, hakuna aliyekuwa amemuuliza. Chapchap aliingia ndani kufuta jasho. Bibi, aliyeyasikia yote kutoka kochini, akamwambia, "Mwanangu, hata mimi nilipokuzaa nilingoja utoke kwanza ndipo nikaanza kupiga vigelegele."

"Mama, hayo ni mambo ya zamani."

"Ndiyo. Siku hizi mnapiga vigelegele, halafu mnatafuta mimba."


Ukumbi wa Shule ya Vipaji ulikuwa na viti vyenye magodoro, na wazazi walikalia magodoro hayo kwa uangalifu, kama watu waliokalia mkopo. Kila mmoja alikuwa na mtoto wake wa ajabu. Mama mmoja alimwambia jirani yake kwamba wake alianza kuhesabu tumboni. Jirani akasema wake hahesabu tena, hesabu amezichoka, siku hizi anazipumua tu. Katikati yao, mstari wa tatu, ilikaa familia ya manjano. Msusi alikuwa ameifunika fulana yake kwa mtandio. Bibi aliivaa yake juu ya gauni na akawa anawaelekeza watu waisome.

"Bibi wa Radi," alisema kwa kila aliyepita. "Mvua sijui."

Jukwaani zilipangwa meza, na juu ya kila meza kioo cha kompyuta, na mbele ya kioo kibodi ndogo yenye tarakimu tupu. Juu ya vichwa vya watoto kilitundikwa kioo kikubwa kinachoonyesha kila mtoto anaandika nini. Kadogo alipanda, akaketi, akakiweka kidole juu ya kibodi bila kutazama. Katikati, kwenye tano, kidole kiligusa kinundu kidogo cha plastiki. Kilikuwa mahali pale pale palipokuwa na plasta nyumbani. Akashusha pumzi.

Kengele ikalia. Chapchap akabonyeza saa yake.

Saba mara nane, likaanguka jiwe la kwanza. Hamsini na sita. Likapasuka. Tisa mara sita: hamsini na nne. Likapasuka. Tano mara nane: arobaini. Likapasuka kabla mtoto wa meza ya pili hajaandika hata lake la kwanza. Kadogo alikuwa ameinua uso, mgongo wima, mkono ukicheza chini peke yake kama wa mtu mwingine.

"Mnaona?" Chapchap alimwambia baba aliyekaa mbele yake, akimgonga begani. "Hatazami! Umeona? Hatazami!"

Tisa ongeza tisa.

Kwenye kioo kikubwa, mbele ya wazazi wote na magodoro yao, Radi ya Mchana akaandika sabini na mbili. Jiwe likadondoka kwa kishindo.

Tatu mara nne. Sabini na nane. Kishindo.

Tisa mara tisa. Ishirini na saba. Kishindo.

Kuna kicheko ambacho watu wenye adabu hukitoa kwa kukohoa. Ukumbi mzima ukashikwa na kifua. Baba wa mbele akageuka taratibu, akaisoma fulana ya Chapchap kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, akarudi kutazama mbele.

"Mtambo mbovu!" Chapchap alisimama. Akawaruka watu magoti, akafika pembeni ya jukwaa alipokaa fundi wa kompyuta, kijana mwenye bisibisi mfukoni na uso wa mtu aliyekula vizuri asubuhi. "Wewe! Mtambo wenu mbovu! Mwanangu anaandika kumi na nane, unatoa sabini na mbili!"

"Tulia mzee. Huyo mtoto kazoea kuchezea wapi?"

"Kwenye simu."

"Anatazama vitufe?"

"Hatazami kabisa!" akasema Chapchap, na hata pale, katikati ya moto, fahari ilimtoka.

Fundi akachukua kibodi ya akiba iliyokuwa mezani kwake, akaigeuza. "Basi ndiyo hapo. Kwenye simu, moja iko juu. Kwenye hizi, saba ndiyo iko juu, moja iko chini. Mstari wa kati tu ndio unafanana, na sifuri. Mwanao anabonyeza kule kule alikozoea."

Chapchap akaitazama. "Tangu lini?"

"Tangu mimi sijazaliwa, mzee."

Ofisini kwake kiwandani kulikuwa na kibodi yenye tarakimu zilizopangwa vile vile. Kila siku aliingizia idadi ya makatoni, akizitafuta moja moja kwa kidole kimoja na macho mawili.

"Basi simamisha! Mwambieni!"

"Mashindano hayasimamishwi. Hata hivyo akitazama chini mara moja tu ataelewa. Muda bado upo, huyo mtoto ni mwepesi, anaweza kuwafikia."

Chapchap akageukia jukwaa, akaweka mikono mdomoni, na mbele ya ukumbi ule wote akaivunja sheria yake kwa sauti iliyozoea kushindana na mashine.

"Tazama vidole! Kadogo! Tazama vidoleee!"

Kadogo alimsikia. Kwa kweli hakuhitaji kusikia, maana alikuwa ameshajua. Jiwe la nne lilipoanguka alishtuka, la tano lilipoanguka akawaza, na la sita lilipoanguka akawa amekwishapiga hesabu nzima: moja imekuwa saba, mbili imekuwa nane, tatu imekuwa tisa, ya juu yako chini na ya chini yako juu. Alikuwa mtoto wa hesabu, kweli. Kilichobaki kilikuwa kuinamisha macho. Akiinamisha, atawafikia. Akiwafikia, atakaa hapa, kwenye majani yaliyonyolewa, nyuma ya geti linalojifungua lenyewe, na kila mwisho wa mwezi baba yake atakuja na saa shingoni kuuliza amekuwa wa ngapi. Na kule kwenye dawati lao, atakaa mtu mwingine kando ya kicheko cha bata.

"Vidoleee! Kadogo, ni baba yako!"

Hata nani aseme.

Kadogo akainua kidevu kidogo zaidi. Akaunyosha mgongo zaidi. Akakaza macho kwenye kioo kama mfanyakazi bora wa mwaka, na mkono wake, mwepesi, wenye nidhamu, usio na kasoro hata moja ya mafunzo, ukaandika themanini na saba kwa tatu mara saba. Mawe yakadondoka juu yake kama sifa. Mara moja moja lilitokea jiwe ambalo jibu lake ni hamsini au arobaini, naye akalipasua kwa ustadi mkubwa, ili haki itendeke.

Walinzi wawili wakamshika Chapchap, mmoja kila mkono, wakamtoa nje kupitia katikati ya viti. Saa yake ilikuwa inagonga vifungo vya suruali yake. Alipopita mstari wa tatu, Bibi alimwita.

"Mwanangu! Punguza sauti. Mtoto kasema sauti za watu ni kelele."

Radi ya Mchana alikuwa wa mwisho. Aliyekuwa juu yake ni mvulana mmoja aliyetapika katikati ya mashindano na kupelekwa kunawa uso.


Jumatatu asubuhi Chapchap aliomba ruhusa kazini, akampeleka Kadogo kwenye shule ya kobe. Waliambiwa wangoje. Nje ya ofisi kulikuwa na benchi la watoto wa chekechea, na hapo ndipo walipongojea, magoti ya Chapchap yakiwa karibu na masikio yake. Watoto waliopita walimsalimia, "Shikamoo," kisha wakakimbia hadi kona ya jengo ili wakacheke. Habari zilikuwa zimefika. Zilifika hata kiwandani kabla yake: asubuhi ile alikuta juu ya meza yake katoni tupu ya maji, imekatwa tundu la kupitisha mkono, kwa unadhifu kabisa. Aliwauliza watu wa zamu nani ameiweka. Wote walikuwa wanatazama mkanda.

Mwalimu Mkuu alikuwa ndani peke yake, anakunywa chai. Aliimaliza. Akaosha kikombe. Akakifuta. Akapanga chaki kwa rangi. Ndipo akamwita mzazi.

"Karibu. Nikumbushe, mzazi. Ulisema shule yangu ina mwendo gani?"

"Mwalimu, siku ile nilikuwa na..."

"Mwendo gani?"

"Wa kobe."

"Sikusikia vizuri."

"Wa kobe, mwalimu."

"Kobe mwenye nini?"

Chapchap akageuka kutazama nyuma. Mlango ulikuwa wazi, na Kadogo alikuwa pale pale kwenye benchi. "Mafua."

"Na leo unataka nini?"

"Namwomba kobe amchukue mwanangu."

Mwalimu Mkuu akafurahi hadi shingo ikameremeta. Nafasi ilikuwepo, haikuwahi kujazwa na mtu, wala jina halikuwa limefutwa popote, lakini furaha kama ile haipatikani kila muhula. Akasema ipo ada ya kurudishwa shule. Ada hiyo ilikuwa imezaliwa asubuhi ile, kati ya kikombe cha kwanza na cha pili. Chapchap akatoa mfukoni hela zilizosalia za drya, akazihesabu juu ya meza, noti moja moja, akilamba kidole.

"Taratibu," akasema Mwalimu Mkuu. "Hapa hatuna haraka."

Walipotoka, kengele ya mapumziko ilikuwa inagongwa vibaya, kwa kupokezana, na kando yake kulikuwa na kicheko cha bata. Kadogo alitaka kukimbia. Baba yake akamshika begani.

"Ngoja. Nikuulize kitu, na useme kweli. Siku ile ukumbini ulinisikia?"

"Nilikusikia, baba."

"Ulisikia nasema nini?"

"Ulisema nitazame vidole."

"Sasa mbona hukutazama?"

Kadogo akamtazama kwa macho meupe, ya mtoto ambaye hajawahi kumkosea mtu duniani. "Kanuni ya pili, baba. Hata nani aseme."

Chapchap akafungua mdomo. Kila jibu alilolitafuta alikuta limekwishasemwa, na limesemwa na yeye. Akaufunga.

"Basi nenda," alisema mwishowe.

Kadogo akaenda. Hakukimbia. Aliukata uwanja mzima kwa mwendo wa kobe, na katikati yake akapiga chafya moja.


Jioni ile Bibi aliibandua karatasi ya kaki bila kuomba ruhusa ya mtu. Gundi iliacha mistari kwenye kioo, lakini dunia ilikuwa imerudi nzima, hadi nyayo.

"Haa!" akapiga makofi. "Kumbe ameshajifungua! Mtoto mwenyewe huyo, anatambaa! Nilikuwa najiuliza siku zote hizi wanamwinamia nani."

Msusi alikuwa mlangoni anachambua nywele bandia za mteja wa kesho. Fulana ya BABA WA RADI ilikuwa mkononi mwake, na alikuwa anafutia kiti cha plastiki. Mumewe aliiona, akageuza uso. Chakula kilikuwa hakijaiva. Hakuuliza kitaiva saa ngapi.

Kadogo aliketi mezani na daftari la kazi ya nyumbani, upande wa pili wa baba yake. Ilikuwa kazi rahisi mno. Darasa lilikuwa linarudia mambo ya nyuma kwa ajili ya wale waliochelewa. Akaisoma hesabu ya kwanza kwa sauti.

"Tisa ongeza tisa."

Chapchap akainua kichwa. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye saa. Ilikuwa bado inatembea tangu Jumamosi, hakuna aliyekumbuka kuisimamisha.

Kadogo akaweka mikono yote miwili juu ya meza, chini ya taa, mahali ambapo baba yake asingeweza kukosa kuiona. Akakunjua kidole cha kwanza. Akakitazama. Akakunjua cha pili, akakitazama nacho, mbele na nyuma, kama fundi anayekagua mali. Alipofika cha kumi akamwinulia baba yake macho kidogo, akangoja hadi mkono wa mzee ukaiachia saa.

"Vimeisha," alisema kwa upole, akaanza upya na kile cha kwanza.